Matuta ya Makaburi ya Kale katika Picha za Angani: Mwongozo kwa Mashamba ya Tanga

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kompyuta ya kawaida, kifurushi cha intaneti cha kutosha na hamu ya kujua kilichomo chini ya mashamba ya kwao. Unahusu kazi moja: kuangalia picha za mashamba zilizopigwa kutoka angani, kuona alama ya mviringo au mwinuko usio na maelezo ya wazi, kisha kuamua kama alama hiyo inastahili kuandikwa kwenye daftari kuwa huenda ni tuta la kaburi la zama za kabla ya maandishi. Neno "huenda" ndilo lililobeba uzito wote. Picha haimwonyeshi mtu kaburi. Inamwonyesha tofauti ya rangi, ya kivuli au ya kimo cha mazao, na tofauti hiyo huweza kuletwa na mambo mengi ambayo mkulima wa Muheza au Pangani anayajua kwa majina. Kwa hiyo sehemu kubwa ya nitakayoeleza ni namna ya kuondoa alama zisizo makaburi. Miaka kadhaa ya kuangalia mashamba ya mkonge, mahindi na mihogo ya mkoa huu imenifundisha kuitilia shaka orodha yoyote inayobaki ndefu hadi mwisho.

Unatafuta nini hasa

Njia hii ilikomaa Uingereza katika miaka ya 1920, hasa kwa juhudi za mwanaakiolojia O. G. S. Crawford, aliyetambua kwamba picha zinazopigwa kutoka kwenye ndege huonyesha mitaro na kuta zilizokwisha kusawazishwa na jembe. Huko, watu wa Zama za Shaba walizika wafu wao chini ya matuta ya udongo ya mviringo, na mara nyingi udongo wenyewe ulichimbwa kwenye mtaro uliolizunguka tuta. Karne nyingi za kilimo zimeliondoa tuta, lakini mtaro umebaki chini ukiwa umejaa udongo laini, wenye kina, unaoshika maji. Ngano iliyoota juu ya mtaro huo hupata maji kwa siku nyingi zaidi, hurefuka, na hubaki kijani wakati ngano ya pembeni inageuka manjano, hivyo aliye juu huona pete ya kijani iliyochorwa shambani kama kwa bikari. Mwaka wa ukame huwa mwaka wa neema kwa wapigaji wa picha hizi. Julai 2018, jua kali lilipokausha mashamba ya Ayalandi, droni zilionyesha duara kubwa la kale karibu na kaburi la Newgrange, mahali palipokuwa pamelimwa siku zote bila mtu kulijua.

Mtu akiichukua kanuni hiyo na kuileta Tanga kama ilivyo, atapotea. Matuta ya makaburi ya kale yanayojulikana vizuri Afrika Mashariki ni ya mawe zaidi kuliko ya udongo. Lothagam, karibu na Ziwa Turkana nchini Kenya, wafugaji wa kati ya miaka 5,000 na 4,300 hivi iliyopita walijenga jukwaa la mawe lenye upana wa mita 30 hivi, wakasimamisha nguzo za mawe na kuzika humo watu wasiopungua 580. Hapa nchini, katika kreta ya Ngorongoro, yapo matuta ya mawe ya makaburi ambayo mwanaakiolojia Mary Leakey aliyachimba mwaka 1941. Tuta la mawe lina tabia iliyo kinyume na ile ya mtaro: udongo juu yake ni mchache, maji hupita haraka, na mmea hudumaa na kukauka mapema. Kwa hiyo anayetafuta huku kwetu asitafute pete ya kijani peke yake; atafute pia doa la mviringo lililopauka, lenye mahindi mafupi, au kisiwa cha magugu na miti ambacho trekta limekizunguka badala ya kukilima.

Pwani yetu ina makaburi ya zamani ya aina nyingine, yale ya kujengwa kwa matumbawe na chokaa, kama ya Tongoni, kusini ya mji wa Tanga, na ya Kaole, karibu na Bagamoyo, yenye nguzo zinazojulikana na wengi. Hayo ni ya enzi za Uislamu, tena yanajulikana, hivyo siyo tunayoyatafuta, lakini namshauri kila anayeanza ayafungue kwanza kwenye kompyuta. Hapo utajua jinsi ukuta wa matumbawe unavyoonekana kutoka juu, jinsi mbuyu unavyoweza kufunika kaburi zima, na jinsi kitu unachokijua kwa hakika kinavyoweza kukosekana kabisa katika picha ya mwezi usiofaa.

Kupata picha, na kujua zilipigwa lini

Programu ya Google Earth Pro ya kompyuta ni ya bure tangu mwaka 2015, na ndani yake kuna alama ya saa ambayo ukiibonyeza utaweza kurudi nyuma mwaka hadi mwaka. Hicho ndicho kifaa muhimu kuliko vyote nitakavyovitaja. Picha za sehemu nyingi za mwambao zina ukali wa nusu mita hivi kwa pikseli, yaani kwa kila nukta ya picha, maana yake tuta la upana wa mita 12 litachukua pikseli 24, na umbo lake utaliona. Picha za setilaiti za Sentinel-2, ambazo nazo ni za bure na hupigwa kila baada ya siku chache, zina pikseli ya mita 10. Tuta hilohilo litakuwa nukta moja au mbili, na hakuna wa kukuambia kama ni la duara au la mraba. Hata hivyo picha hizo usizidharau, kwa sababu zinakueleza shamba lilikuwa kijani mwezi gani, lilichomwa lini na lililimwa lini, ili ujue picha kali ya kutafuta ni ya wiki zipi. Ramani za kimo zinazotokana na setilaiti, zenye pikseli ya mita 30, hazina msaada kwa kitu kidogo namna hii.

Zipo pia picha za zamani. Picha za anga za upimaji zilizopigwa enzi ya ukoloni, hasa miaka ya 1950, zina thamani kubwa kwa kuwa zilipigwa kabla ya matrekta kuenea, tena zilipigwa zikipishana kwa zaidi ya nusu, hivyo picha mbili za jirani zikitazamwa kwa stereoskopu, kifaa cha kutazamia picha mbili kwa pamoja, huinua ardhi mbele ya macho na kukuza mwinuko kupita ulivyo. Wamarekani nao walikuwa na setilaiti za upelelezi zilizoitwa Corona, zilizopiga picha kati ya mwaka 1960 na 1972, na picha hizo zilifunguliwa kwa umma mwaka 1995. Angalia kama eneo lako limo. Kwa wenyeji wa Tanga, korona ni mtambo wa kuchana mkonge, na bado sijazoea kuliona jina hilo juu ya picha ya shamba la mkonge.

Kuhusu majira, wakati wa masika mawingu huficha pwani yote, na hata yakiachia, kila kitu ni kijani kibichi na hakuna tofauti ya kuona. Wiki nzuri ni za aina mbili. Ya kwanza ni mwisho wa Mei na Juni, mvua zikiwa zimekatika na mahindi yakianza kugeuka rangi, kwa sababu mmea ulio juu ya mawe hukata tamaa kwanza. Ya pili ni Januari na Februari, majani yakiwa yamekauka au yamechomwa na mashamba yakianza kutifuliwa, hapo rangi ya udongo wenyewe husema. Kwenye shamba la mkonge hesabu ni tofauti. Mkonge ukishapandwa hukaa miaka kumi hivi au zaidi hadi utoe mlingoti, yaani shina lake refu la maua, kisha kitalu chote hung'olewa na kupandwa upya, na kati ya kung'oa na kupanda kuna kipindi kifupi ambacho ardhi iko wazi kabisa. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ukapandwa kwanza Kikogwe, karibu na Pangani, kwa hiyo vipo vitalu huku vilivyokwisha kupita mizunguko kadhaa ya namna hiyo. Tafuta picha ya kipindi hicho kwa uvumilivu, na ukiipata ihifadhi.

Kivuli na udanganyifu wake

Wengi hudhani kwamba tuta litajionyesha kwa kivuli. Katika latitudo ya Tanga, nyuzi 5 kusini ya ikweta, jambo hili ni gumu kuliko linavyosemwa katika maandishi ya Ulaya. Setilaiti nyingi hupita kwetu kati ya saa nne na saa tano asubuhi, wakati jua limekwisha kupanda zaidi ya nyuzi 50. Mti wa urefu wa mita moja hapo hutoa kivuli cha sentimita 60 au 70. Tuta lililolainishwa na mvua na jembe halitoi hata hicho. Chukua tuta la upana wa mita 14 na kimo cha mita 1.2: mteremko wake ni nyuzi 10 hivi, na kitu hakiwezi kutupa kivuli nje ya mteremko wake mpaka jua lishuke chini ya mteremko huo. Jua la huku hupanda kwa kasi ya nyuzi 15 hivi kwa saa, hivyo una dakika 40 tu tangu kuchomoza, na nyingine kama hizo kabla ya machweo, za kuliona tuta hilo kwa kivuli. Setilaiti haiji saa hiyo. Droni inaweza kuja, na nitaieleza mbele.

Kinachobaki katika picha ya setilaiti ni mwangaza na giza, upande mmoja dhidi ya mwingine, na hapo macho hutudanganya. Akili ya binadamu hudhani mwanga unatoka juu ya picha. Kuanzia Oktoba hadi mapema Machi jua la mchana liko kusini mwa Tanga, kwa hiyo katika picha iliyowekwa kaskazini juu, mwanga unatoka chini, na kilima kitaonekana shimo, shimo litaonekana kilima. Kila unapoona umbo lenye mwinuko, soma tarehe ya picha, tafuta mti ulio karibu ili ujue kivuli kinaelekea wapi, kisha izungushe picha mpaka vivuli viwe vinakuangukia wewe. Ikiwa kilima kimegeuka kuwa kisima, andika kisima.

Alama za kuondoa

Hapa ndipo penye kazi. Mwaka wa kwanza niliweka alama kwenye maduara kumi na moja katika kitalu kimoja cha zamani cha mkonge, upande wa Muheza, kilichokuwa kimegeuzwa kuwa shamba la mahindi. Kila duara lilikuwa na upana wa mita kumi na kitu, lilikuwa na rangi tofauti na shamba, na halikuonekana kuwa jengo. Nililala nikiwaza makaburi ya ukoo mzima. Nilipokwenda, nilikuta vichuguu kumi na moja vilivyosawazishwa na trekta, na mahindi yaliyostawi juu yake kuliko mahali pengine popote.

Kichuguu ndicho adui mkuu wa kazi hii katika pwani yetu. Mchwa wa aina kubwa hujenga kilima kinachoweza kupita kimo cha mtu, na kikifa na kunyeshewa miaka mingi hubaki tuta pana, la mviringo, laini, lenye umbo lilelile ambalo msomaji wa picha anaomba kuliona. Namna ya kukitambua ni mbili, na ni lazima zote mbili zifanyike. Kwanza, tazama rangi. Mchwa hupandisha udongo wa mfinyanzi na kurutubisha mahali pao, kwa hiyo mazao juu ya kichuguu kilicholimwa huwa ya kijani kilichokolea kuanzia katikati hadi ukingoni, bila pete. Tuta la mawe hupauka, na tuta la udongo lenye mtaro hutoa pete yenye moyo uliopauka. Pili, pima nafasi. Kundi moja la mchwa haliliachii lingine mahali pa kulishia, hivyo vichuguu vya eneo moja hukaa kwa nafasi zinazokaribiana, kama mashimo ya bao. Maduara yangu kumi na moja yalikuwa yameachana kwa umbali unaolingana karibu kote, na laiti ningechukua rula ya kwenye programu kwa dakika kumi, nisingepanda basi. Makaburi hayapangiki hivyo. Hukusanyika penye muinuko, kando ya njia au kando ya maji, na mengine hukaa peke yake. Ongeza na hili: udongo wa kichuguu hupendwa na wafyatua matofali, nao hukichimba upande mmoja, kikabaki umbo la mwezi mwandamo ambalo katika picha linaweza kumtia mtu wazimu mpaka aone rundo jekundu la tanuri la matofali hatua chache pembeni.

Tanuri la mkaa huacha doa jeusi, la duara au la mstatili, lenye ukingo uliokatika vizuri. Hilo huondolewa kwa saa ya kurudi nyuma: lilikuwa halipo mwaka fulani, likatokea, na baada ya misimu michache likafifia. Kanuni hiyo ni ya jumla. Alama ambayo picha za nyuma zinaonyesha siku yake ya kuzaliwa si ya kale, na huhitaji ushahidi mwingine.

Tanu la chokaa ni gumu zaidi. Wenyeji wa mwambao wamechoma matumbawe kupata chokaa tangu enzi za kujenga misikiti ya mawe, kwa kupanga magogo kwa duara na kurundika matumbawe juu yake, na mahali pa tanu hubaki duara jeupe lenye vipande vilivyoungua, ambapo mahindi hudumaa. Hiyo ndiyo alama niliyokwisha kusema ni ya tuta la mawe. Picha peke yake haitaamua. Iandike alama hiyo kuwa ya kutembelewa, na kadiri ilivyo karibu na bahari au na magofu, ndivyo shaka ya tanu inavyozidi.

Makaburi ya Kiislamu ya zamani hutambulika kwa mwelekeo, na hili hunifurahisha kila mara kwa uhakika wake. Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja ya Tanga, ikipotoka kidogo sana mashariki. Maiti hulazwa kwa ubavu wa kulia akielekea kibla, kwa hiyo kaburi lenyewe, kwa urefu wake, hulala mashariki na magharibi. Ukiona kando ya kijiji au chini ya mikwaju kundi la mistatili midogo iliyolala mashariki na magharibi, umeona makaburi ya Waislamu, yawe ya juzi au ya miaka mia tano. Gofu la mstatili lenye kishubaka kilichotokeza upande wa kaskazini litakuwa la msikiti.

Mengine nayataja kwa haraka. Mbuyu uliokufa na kuoza huacha kishimo cha duara. Zizi la ng'ombe lililohamwa huacha duara la majani mazito. Mabaki ya mkonge yaliyotoka kwenye korona hurundikwa karibu na kiwanda. Mitaro ya vita, tangu Waingereza na Wahindi wao waliposhuka Ras Kasone, mjini Tanga, mwezi Novemba 1914, huenda kwa mistari iliyopindapinda na haifanani na tuta. Matuta ya mihogo na viazi hupangwa kwa safu, na nayataja tu kwa sababu jina ni moja.

Kupima na kuandika

Alama iliyovuka yote hayo ipime upana mara mbili, kaskazini hadi kusini na mashariki hadi magharibi. Ikiwa vipimo viwili vinatofautiana sana, rudi ukaisome upya. Andika tarehe ya kila picha unakoonekana mviringo huo na, kwa umuhimu uleule, tarehe ya kila picha usikoonekana. Alama iliyoonekana katika picha moja tu naiita doa. Iliyoonekana katika misimu miwili tofauti naiita ya kushukiwa. Ile iliyoonekana katika misimu miwili, na ambayo mistari ya mkonge au ya kulima inapinda kuikwepa katika picha za miaka tofauti, hiyo ndiyo ninayoitafutia nauli.

Upo mtego mmoja katika viwianishi, yaani namba za kuonyesha mahali kwenye ramani, ambao umewapoteza watu makini. Ramani za zamani za Tanzania za kipimo cha 1:50,000 zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, ilhali simu na Google Earth hutumia WGS84. Ukichukua namba kutoka kwenye moja na kuzitia kwenye nyingine bila kubadilisha mfumo, utakosea kwa karibu mita 300 kuelekea kaskazini au kusini. Katika shamba la mkonge, mita 300 ni kitalu kingine kabisa, na unaweza kusimama juu ya ardhi tupu ukaandika kwamba hakuna kitu. Kila namba unayoiandika iambatanishe na jina la mfumo wake.

Kwenda shambani

Usiende moja kwa moja. Pitia kwa afisa mtendaji wa kijiji, kisha kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha kwa mwenye shamba, na umwache yeye akuongoze. Mtu mgeni mwenye karatasi yenye picha ya shamba la mwenzake iliyopigwa kutoka juu huleta hofu ya haki kabisa, kwa sababu wengi wameona ardhi ikipimwa na baadaye ikienda. Kwenye alama moja niliyoifuatilia upande wa barabara ya Pangani nilimkuta mama mwenye shamba akipalilia. Nilimwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha macho yakaenda kwenye karatasi. "Mmekuja kupima?" Nikamweleza kwamba sipimi na sina mamlaka ya kupima, nikamwonyesha nyumba yake katika picha, mwembe wake, na lile doa jeupe nyuma ya mwembe. Akalitazama muda mrefu, akasema, "Hapo jembe linalia. Baba mkwe alituambia tupaache, nasi tumepaacha."

Maneno ya namna hiyo yana thamani kuliko picha tano. Uliza jina la mahali, maana majina kama Mahameni, Magofuni au Mzimuni hayakutolewa bure. Uliza nani hakulima na kwa nini. Ikiwa pana mbuyu wenye vitambaa au ubani, hapo ni mzimu wa watu, nawe utasimama pale watakapokusimamisha.

Juu ya tuta lenyewe tazama kwa macho tu. Je, mawe ni ya palepale au yametoka mbali? Yamelala ovyo kama yaliyotupwa na mkulima kusafisha shamba, au yamebanana? Je, yapo matumbawe yaliyoungua, au vigae, au mavi ya chuma, yaani mabaki ya kuyeyusha chuma? Kigae kipige picha kikiwa palepale, ukiweka kalamu au rula kando yake ili ukubwa ujulikane, na ukiache. Kikishatiwa mfukoni hakina tena habari ya kueleza. Pima kimo cha tuta kwa kamba na mti ulionyooka. Kisha simama pembeni, mahali pa chini, uone kama mwinuko unaonekana kwa mtu anayepita, kwa kuwa makaburi ya namna hii mara nyingi yaliwekwa yaonekane.

Ukiwa na uwezo wa droni, pata kwanza kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga na ruhusa ya kijiji. Irushe asubuhi katika zile dakika 40 nilizozieleza kwa ajili ya kivuli, halafu irushe tena jua likiwa limepanda, kwa mistari inayopishana kwa asilimia 70 hadi 80, ili programu iweze kujenga sura ya kimo cha ardhi. Sura hiyo itakuonyesha tuta la sentimita 40 ambalo macho yako yalilipita.

Taarifa na siri

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vilivyojengwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, maziko yakiwemo, hata kama hakuna kibao wala uzio, na kuchimba bila leseni ni kosa. Taarifa yako ipeleke kwa afisa utamaduni wa halmashauri na kwa Idara ya Mambo ya Kale, ikiwa na picha zenye tarehe, vipimo, viwianishi na orodha ya mambo uliyokwisha kuyaondoa, kwa sababu mtaalamu atakayeisoma ataanza kwa kuuliza kuhusu kichuguu.

Viwianishi usivitangaze mtandaoni, wala usiviweke katika kundi la simu. Katika mkoa wetu imani ya mali iliyofukiwa na Wajerumani bado ina nguvu, na rundo la mawe linalosemwa kuwa la kale huamkia limechimbwa na watu wanaotafuta rupia. Nimeliona shimo la namna hiyo: mawe yametupwa pande zote, mifupa midogo imechanganyika na udongo, na hakuna mtu wa kueleza kama ilikuwa ya mtu au ya mbuzi. Ndiyo sababu shamba la yule mama sijalitaja hapa kwa jina la kijiji.

Daftarini tuta la shamba hilo limeandikwa hivi: mviringo, mita 13 kwa 12, kimo sentimita 70, linaonekana katika picha za Februari za miaka mitatu tofauti na katika moja ya Juni, halionekani katika picha yoyote ya Aprili, mistari ya mkonge wa zamani inapinda upande wa mashariki, miti miwili, mawe yamebanana, hayajaungua, hakuna matumbawe, hakuna kigae, kichuguu kilicho karibu kiko mita 210. La kushukiwa. Picha inayofuata ni ya droni, Februari, kabla ya kulima, jua likichomoza, mwenye shamba akiwepo.